Mtungi wa Kunawa Mikono: Nani Ataujaza Kesho?

Ndugu mkulima, muulize jirani yako katika skimu za upande wa Thika na Ruiru kama yafaa kunawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Atakujibu kuwa yafaa sana. Basi kwa nini wengi hatunawi? Si ujinga. Choo kiko nyuma ya nyumba, maji yako jikoni, na sabuni imefungiwa ndani isipotee. Mtu akitoka chooni huenda moja kwa moja kwenye kahawa au kukamua ng'ombe. Hapiti penye sabuni.

Hasara yake ni kubwa. Uchafu wa choo ukifika kinywani mwa mtoto huleta kuhara, na kuhara huua watoto wengi walio chini ya miaka 5. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kwamba watu wakizoea kunawa kwa sabuni, kuhara hupungua karibu theluthi moja.

Wenzetu wa Busia walitupa somo. Dawa ya klorini ya kusafisha maji iliuzwa madukani, lakini walioitumia walikuwa wachache. Katika miaka ya 2000 watafiti waliweka tangi la dawa hiyo, bila malipo, kando ya chemchemi penyewe, na mwanakijiji mmoja akachaguliwa kulitunza. Zaidi ya nusu ya nyumba zikaanza kuitumia.

Lakini kuweka chombo peke yake hakutoshi. Mwaka wa 2012 utafiti mwingine ulianza Bungoma, Kakamega na Vihiga. Nyumba zilipewa vyombo vya kunawia pamoja na mafunzo. Baada ya mwaka mmoja, nyumba nyingi zilikuwa na maji na sabuni mahali pa kunawia. Baada ya miaka miwili, ni kama nyumba moja tu katika tano. Na kuhara kwa watoto hakukupungua.

Basi fanya hivi nyumbani kwako:

1. Simika nguzo mbili zenye panda karibu na mlango wa choo, juu ya njia unayopita.

2. Chukua mtungi wa plastiki wa lita 5. Utoboe kwa msumari wa moto, chini kidogo ya shingo, kisha upitishe fito katika mkono wake na kuilaza juu ya panda.

3. Funga kamba kutoka kifunikoni hadi kijiti cha kukanyaga. Ukikanyaga, mtungi huinama na maji hutoka. Huugusi kwa mkono mchafu.

4. Toboa kipande cha sabuni na ukitundike hapo kwa kamba.

5. Mchague mtu mmoja wa nyumbani, na saa moja ya kila siku, ya kuujaza. Maziwa yakisha kukamuliwa asubuhi, mtungi ujazwe.

Neno hili la tano ndilo kubwa. Ng'ombe hakamuliwi siku ya kwanza tu, wala kahawa haipaliliwi mara moja. Leo jioni, kabla ya kulala, nenda ukautikise mtungi wako. Je, una maji?