Namba za Jirani Si Dhamana ya Mkopo Wako

Mkopo wa mtandaoni hupatikana kwa dakika chache, lakini baadhi ya programu huomba kwanza ruhusa ya kusoma majina na namba zote zilizomo katika simu yako. Ukibonyeza "Ruhusu", umetoa kisicho chako peke yako: namba za mama mkwe, mwalimu wa mtoto na jirani zimekuwa dhamana bila wenyewe kuulizwa. Ukichelewa kulipa, hao ndio hutumiwa ujumbe wa kukudhalilisha.

Deni ni wajibu, na lilipwe. Heshima ya mtu haiwekwi rehani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka taarifa zikusanywe kwa lengo halali na kwa kiasi kinachohitajika tu. Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Kabla ya kukopa, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Soma ruhusa moja baada ya nyingine. Inayodai namba za watu wengine, ikatae. Ukidhalilishwa, hifadhi ujumbe huo, kisha uwasilishe malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.