Upepo wa Kisulisuli na Imani Yetu

Masomo: Ayubu 1:18–22 na 2:11–13, Luka 13:1–5, Matendo 27.



Watu wa Katumba Songwe, na wote wakaao Kyela kati ya mto Songwe na milima ya Livingstone, huijua nguvu ya upepo. Ziwa Nyasa laweza kuwa shwari asubuhi, na kabla ya jua kuchwa likachafuka. Livingstone alipopita humo mwaka 1861 alikutana na dhoruba nyingi, hata akaona lafaa kuitwa Ziwa la Dhoruba.

Kwanza tujue kisulisuli ni nini. Hewa yenye joto na unyevu hupanda kwa nguvu, na wingu kubwa la radi hujengeka. Pepo za juu na za chini zikipishana, hewa ile huzunguka, na pengine hushuka kama nguzo mpaka nchi. Ikiwa juu ya ziwa, huonekana kama nguzo ya maji. Basi, hii ni kazi ya joto, maji na upepo, ambavyo Mungu aliviumba. Hakuna jirani aliyeituma kwa uchawi. Mkristo amshtakiye mwenziwe baada ya dhoruba amshuhudia uongo.

Lakini wengine huuliza: Je, mtu akiwa na imani, nyumba yake haitaanguka? Neno la Mungu halikutuahidi hivyo. Ayubu alikuwa mtu mkamilifu, walakini upepo mkuu wa jangwani uliipiga nyumba pande zote nne, watoto wake wakafa. Bwana Yesu naye aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kabisa kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu.

Tuwakumbuke pia waliosafiri katika meli Vipya, iliyozama kwa dhoruba katika Ziwa Nyasa tarehe 30 Julai 1946. Watu 145 walikufa. Waliookoka walikuwa 49 tu. Ni nani athubutuye kusema kwamba hao 49 ndio waliokuwa wenye haki, na wale 145 wenye dhambi? Asemaye hivyo ameketi katika kiti cha Mungu.

Imani, basi, yafaa nini? Tumtazame Paulo. Aliwaonya wasisafiri, wasimsikie. Dhoruba ilipowashika, Mungu alimwahidi kwamba wote 276 wataokoka, lakini merikebu itapotea. Tena wanamaji walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo hakusema, Na waende, maana Mungu ameahidi. Alisema wasipobaki, wengine hawataokoka. Hapa ndipo penye fundisho: ahadi ya Mungu haikuiondoa kazi ya wanamaji. Paulo aliomba, akawahimiza wale chakula, akamshukuru Mungu mbele ya wote.

Vivyo hivyo yatupasa sisi. Mvuvi aonapo wingu jeusi likijikusanya, na ageuze mtumbwi pwani mapema, asiseme, Mungu atanilinda, huku akiendelea kutupa nyavu. Wakati wa radi tusijifiche chini ya mwembe. Aliye nyumbani akae chumba cha ndani, mbali na madirisha. Mwenye nyumba dhaifu aende mapema kwenye nyumba imara. Mabati yafungwe vema kabla ya masika, maana bati lirukalo hukata kama panga. Kufanya hivyo si kupungukiwa na imani. Ni kuutunza uhai tuliopewa.

Na ninyi, walimu na wainjilisti, mkifika kwa mtu aliyefiwa, wakumbukeni rafiki za Ayubu. Walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hilo ndilo lililokuwa jema. Walipofumbua vinywa wakaanza kumhukumu, wakamwongezea maumivu. Msitangulize maswali ya dhambi. Kaeni naye, lieni naye, pelekeni mchele na mikeka. Kisha usharika ukaiezeke nyumba yake, hata kama hasali pamoja nasi.

Paa huweza kuondoka usiku mmoja. Lakini Yeye aliyesulubiwa na kufufuka hawaachi walio wake, waliookoka wala waliokufa, kwa kuwa hakuna kilichoumbwa kiwezacho kututenga na upendo wake. Hilo ndilo tegemeo letu.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini Paulo aliwazuia wanamaji, hali Mungu amekwisha kuahidi?
2. Rafiki za Ayubu walifanya jema gani, na baya gani?
3. Katika mtaa wenu, ni nani ambaye nyumba yake haitastahimili masika yajayo? Mtamsaidiaje kabla ya upepo?