Askari Wetu wa Turiani na Somo la Skeli

Kama ulipita kwenye maonyesho yetu muhula uliopita, uliiona ile meza ya Turiani: mto, daraja lililobomolewa, na msafara wa askari wa plastiki wakivuka, Agosti 1916. Wengi walisifu. Ila mwanafunzi mmoja wa sekondari aliyekuja na wenzake aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza: "Mbona hawa weusi wote ni wafupi?"

Tukacheka kidogo. Halafu tukachukua rula. Kumbe alikuwa sahihi. Askari Waafrika walikuwa na milimita 22, maofisa Wazungu milimita 25. Hakuna hata mmoja wetu aliyekusudia hivyo. Tulinunua maboksi mawili tofauti, tukayachanganya, basi.

Makala hii ni somo kwa yeyote atakayetengeneza diorama ya kijeshi, yaani mandhari ya vita yaliyopunguzwa yakakaa mezani. Swali ni moja: utachaguaje askari wa kuchezea wanaopatana?

Skeli ni nini

Wenzetu wa jiografia wanajua ramani ya 1:50,000: sentimita moja ya karatasi ni nusu kilomita ya ardhi. Askari wa kuchezea ni vilevile. Skeli ya 1/72 maana yake mtu amegawanywa mara 72. Mtu wa sentimita 170 anakuwa na milimita 23.6. Kwa 1/76 anabaki na 22.4, kwa 1/87 anashuka hadi 19.5, na kwa 1/35 anapanda kufikia karibu 49.

Namba hizi hazikutoka mbinguni. Skeli ya 1/72 inatokana na vipimo vya Kiingereza: inchi moja kwa futi sita. Kampuni ya Britains ya Uingereza ilipoanza kuuza askari wake wa risasi wenye uwazi ndani, mwaka 1893, iliwapa milimita 54 ili waendane na treni za kuchezea za wakati ule. Hiyo ni karibu na 1/32. Maboksi ya zamani ya Airfix nayo yaliandikwa HO/OO, herufi za treni vilevile. OO ni 1/76, HO ni 1/87. Boksi moja linabeba jina la skeli mbili! Ndiyo maana usiamini boksi.

Na ukikuta boksi limeandikwa milimita 28 tu, jihadhari zaidi. Kuna watengenezaji wanaopima kutoka unyayo hadi utosini, wengine wanaishia kwenye macho. Tena wengi wa skeli hiyo hukuza vichwa na mikono makusudi ili rangi ipakwe kirahisi. Wawili wa "28" wanaweza kusimama pamoja wakaonekana baba na mtoto.

Sasa turudi kwa kosa letu. Askari wa milimita 22 alitoka boksi la 1/76. Kwa skeli yake alikuwa mtu wa sentimita 167, kimo cha kawaida kabisa. Tulipomweka kwenye meza ya 1/72 akawa mtu wa sentimita 158, mbele ya ofisa wa sentimita 180. Tulimnyang'anya sentimita tisa za mwili wake bila kumgusa.

Pima bunduki, usipime mtu

Utasema: lakini watu hawalingani, kuna warefu na wafupi. Kweli. Ndiyo maana kimo peke yake hakitoshi kuwa ushahidi. Vitu vya kiwandani ndivyo visivyodanganya. Bunduki ya Lee-Enfield waliyobeba wanajeshi wengi wa upande wa Waingereza ina urefu wa sentimita 113, iwe mikononi mwa mrefu au mfupi. Kwa 1/72 inatoka milimita 15.7, kwa 1/76 ni karibu 15, kwa 1/35 ni 32. Mauser ya 1898 ya Wajerumani, yenye sentimita 125, inakuwa milimita 17.4 kwa 1/72.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza, pima bunduki. Pili, linganisha vichwa: kichwa cha mtu mzima kwa 1/72 ni milimita tatu na kidogo. Tatu, kata au sawazisha vile vitako vya plastiki chini ya miguu, maana kitako cha milimita moja kinamwongezea mtu sentimita saba za bure. Bunduki na vichwa vikipatana, basi tofauti ya kimo ni ya kibinadamu tu. Waache.

Chagua skeli kwa unachotaka kusimulia

Ubao wetu ulikuwa sentimita 90 kwa 60. Kwa 1/72 hiyo ni ardhi ya mita 65 kwa 43, inatosha kipande cha mto na kingo zake. Kwa 1/35 unapata mita 31 kwa 21 tu, lakini uso wa mtu unaonekana, hata kifungo cha shati. Unataka msafara? Chukua 1/72. Unataka mtu mmoja amekaa amechoka kando ya njia? Nenda 1/35.

Milima ya Nguru isikuumize kichwa. Mlima unaoinuka mita 1,800 juu ya bonde ungehitaji mita 25 kwa 1/72, kuzidi paa la ukumbi. Huo unauchora nyuma kwa rangi. Hapa ndipo askari wa 1/76 au 1/87 wanaruhusiwa: ukiwaweka mbali, jicho linasoma udogo kama umbali. Sharti ni kwamba wanaokwenda nyuma wawe mchanganyiko. Ukiwapeleka Waafrika wote nyuma, umerudia kosa letu kwa ujanja zaidi.

Kupatana kwa wakati

Askari wanaweza kuwa na skeli sahihi wakakosea mwaka. Agosti 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalikuwa yakisukuma kusini kupitia Nguru, huku Schutztruppe ya Lettow-Vorbeck ikirudi nyuma na kubomoa madaraja. Walipigana Matamondo tarehe 10 na 11, wakapigana tena mto Wami, Dakawa, tarehe 17. Mji wa Morogoro ulitwaliwa tarehe 26. Upande wa Smuts walikuwemo Makaburu wa farasi, Wahindi na wengine; upande wa pili wengi walikuwa askari Waafrika chini ya maofisa Wajerumani. Boksi la vita ya kwanza lenye kofia za chuma ni la mahandaki ya Ufaransa, si la huku. Na usipande miwa. Ukienda Turiani leo kwa njia ya Magole utaona mashamba ya Mtibwa, lakini mashamba hayo makubwa yalikuja miongo mingi baadaye.

Wasiokuwemo kwenye boksi

Tuliporekebisha vimo, tukakaa tukahesabu: askari 30, farasi wanne, mzinga mmoja. Mizigo nani anabeba? Katika nchi ya mbung'o, farasi na punda walikufa kwa wingi, na chakula, risasi na dawa vilisafiri kwa vichwa na mabega ya watu. Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi mamia ya maelfu katika vita nzima, na makadirio ya waliofariki yanapita 90,000, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Sisi mezani hatukuwa na hata mmoja. Maboksi tuliyonunua hayakuwa na wapagazi.

Basi tuliwatengeneza, na hapa ndipo skeli inakuwa kazi ya mikono. Mtu wa sentimita 165 kwa 1/72 ni milimita 23. Kata waya mwembamba, ukunje: nusu yake miguu, kichwa milimita tatu, kinachobaki kiwiliwili. Viringishia uzi, paka gundi, funika kwa udongo laini. Sanduku la mzigo la sentimita 50 kwa 30 kwa 25 linakuwa milimita 7 kwa 4 kwa 3.5, kipande cha boksi la viatu kinatosha. Njiti ya kiberiti yenye unene wa milimita mbili ni gogo la sentimita 14: nzuri sana kwa nguzo za daraja, lakini ukiifanya bunduki umempa askari mti wa kubeba.

Idadi nayo ina hesabu yake. Wakitembea mita mbili kati ya mtu na mtu, mstari mmoja wa sentimita 90 kwa 1/72 unabeba watu 32. Tulitengeneza 60, mistari miwili. Ilituchukua wiki tatu za jioni, na ukweli ni kwamba baada ya wa ishirini tulitaka kuacha. Lakini walipoingia mezani, picha ikabadilika. Wale askari 30 ambao mwanzo walijaza ubao wakawa kundi dogo katikati ya mstari mrefu wa watu wenye mizigo kichwani.

Si sisi wa kwanza kukutana na swali hili. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, ina mtu mmoja, mwenye bunduki. Nairobi mpagazi amesimamishwa pamoja na askari. Dar es Salaam wapagazi walibaki kwenye jina la soko: Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Maelfu hupita hapo kila siku kununua viatu.

Kwa hiyo kabla hujafungua gundi, fanya haya. Amua skeli moja, iandike kwenye ukingo wa ubao. Pima bunduki na vichwa vya kila boksi. Sawazisha vitako. Kisha orodhesha watu waliokuwa mahali pale siku ile, ulinganishe na watu uliowanunua. Wasiokuwemo kwenye boksi, watengeneze.

Meza ya Turiani itarudi kwenye maonyesho yajayo. Njoo na rula yako.