SOMO: HESABU BAADA YA UMEME



Mbali sana kaskazini, katika nchi kama Norwe, usiku wa kipindi cha baridi ni mrefu mno. Watu hutoka nje kutazama mianga ya kijani ikicheza angani. Mianga hiyo huletwa na chembe ndogo sana zitokazo kwenye jua, zikigongana na hewa ya juu kabisa. Haimdhuru anayeitazama.

Sisi wa Kimwani hatuioni hiyo. Lakini miezi ya mvua, ukitazama upande wa Ziwa Viktoria usiku, utaona anga linawaka na kuzima. Huo ni umeme. Nao unaua.

Kwa nini ziwani, tena usiku? Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Basi upepo hutoka ziwani kuja kwetu. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji yanabaki na joto. Sasa upepo hutoka pande zote na kukutana juu ya ziwa. Hewa yenye unyevu hupanda, inakuwa wingu kubwa la radi. Saa hizo ndizo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao. Hakuna mtu aliyetuma radi hiyo.

Tujifunze kupima. Ukiona umeme, anza kuhesabu polepole: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Sauti hutumia sekunde 3 hivi kwenda kilomita 1. Kwa hiyo gawanya kwa 3. Ukihesabu 15, radi iko kilomita 5.

Kama ngurumo imesikika kabla hujafika 30, ingia kwenye nyumba imara. Usijifiche chini ya mti, wala kwenye kibanda cha nyasi. Mvuvi, usisukume mtumbwi. Kama uko majini, rudi ufukweni mapema. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Wengine husema aliyepigwa na radi asiguswe. Si kweli, ndugu zangu. Umeme haubaki mwilini mwake. Kama hapumui, mkandamize kifua na kumpulizia pumzi hapo hapo, huku wengine wakitafuta msaada wa kumfikisha zahanati. Ukiogopa kumshika, atakufa bure.

MASWALI
1. Umehesabu 12. Radi iko umbali gani?
2. Kwa nini usiku upepo huelekea ziwani?
3. Jadilianeni: kijijini kwenu, nani awaonye wavuvi mawingu yakikusanyika?