Kumlilia Mwalimu kwa Kulifuata Somo Lake

Mwalimu akifa, wanafunzi wake wafanye nini? Wengine hulia, wengine hujenga kaburi zuri, wengine hutunga mashairi ya kumsifu. Yote hayo ni heshima. Lakini liko jambo lililo kubwa zaidi, nami nitalieleza kwa habari za mtawa wa Kibudha wa nchi ya Vietnam, Thich Nhat Hanh.

Mtu huyu alizaliwa mwaka 1926. Alipokuwa na umri wa miaka 16 aliingia katika nyumba ya watawa ya Tu Hieu, mjini Hue. Vita vilipoiharibu nchi yake, hakuona vema kukaa ndani akisali tu huku vijiji vikiungua. Alianzisha chuo cha vijana waliokwenda vijijini kusaidia watu na kujenga upya yaliyobomolewa. Mwaka 1966 alikwenda Marekani kuomba vita vikomeshwe, akazuiwa kurudi kwao. Mwaka 1967 Martin Luther King alimpendekeza apewe Tuzo ya Nobel ya Amani. Hakuikanyaga tena nchi yake mpaka mwaka 2005.

Somo lake kuu lilikuwa kuhudhurisha moyo, yaani moyo uwe pale pale mwili ulipo. Anayeosha vyombo aoshe vyombo, asiwe anawaza chai atakayokunywa baadaye. Katika Plum Village, makao aliyoyaanzisha Ufaransa mwaka 1982, kengele ikilia kila mtu huacha alifanyalo, huvuta pumzi taratibu, kisha huendelea na kazi yake. Mtu asidhani kwamba huu ni uvivu. Vijana wale wa vijijini walifundishwa hivyo katikati ya vita, ili hofu na hasira zisiwashinde.

Je, alikataza watu kulia? La. Yeye mwenyewe alieleza kwamba mama yake alipofariki alihuzunika kwa zaidi ya mwaka mzima. Baadaye alitambua kwamba mama hakumtoka kabisa, kwa kuwa hata miguu aliyokuwa akitembea nayo ilitoka kwa mama huyo.

Thich Nhat Hanh alifariki tarehe 22 Januari 2022, katika Tu Hieu ile ile, akiwa na umri wa miaka 95. Matanga yake yalifanywa kwa ukimya. Alikuwa amekwisha waambia wanafunzi wake wasimjengee mnara wa kuwekea majivu yake, kwa sababu yeye hatakuwamo humo. Wakimtaka, wamtafute katika pumzi zao na katika hatua zao za utulivu.

Ndugu wasomaji, hilo ndilo jambo nililotaka kulisema. Mwalimu huliliwa vema na mwanafunzi anayelifanya somo lake. Yeyote aliyefiwa na mwalimu, awe wa dini au wa hesabu, anaweza kumheshimu hivyo bila kuacha imani yake.

Sisi wa bweni tuna kengele nyingi kila siku, na mara nyingi mwili hukaa darasani huku moyo uko nyumbani au uwanjani. Basi nawapeni zoezi la juma moja. Kengele ya masomo ya jioni ikilia, kila mmoja avute pumzi tatu kimya kabla ya kufungua daftari. Siku ya saba ajiulize: katika saa ile ya masomo, moyo wangu ulikuwa wapi?