Binti Mfalme Asiyesubiri Kuokolewa

Shule zinapofungwa, mabanda ya gemu mjini Thika na Ruiru hujaa watoto. Wengi hucheza kandanda, lakini wapo wanaopenda gemu za kubuni zenye falme, majoka na uchawi. Mzazi huuliza ni pesa ngapi zimetumika. Ni vyema pia aulize: mwanamke katika gemu hiyo anafanya nini?

Chukua mfano wa The Legend of Zelda, iliyotolewa Japani mwaka wa 1986. Zelda ni binti mfalme na gemu ina jina lake, lakini mchezaji humwongoza Link, mvulana anayekwenda kumwokoa. Kampuni ya Nintendo ilimfanya Zelda mhusika mkuu mwaka wa 2024, katika Echoes of Wisdom. Hiyo ni miaka 38 baadaye.

Barani Afrika, Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion mwaka wa 2016. Mwanamfalme Enzo anapinduliwa na kwenda uhamishoni na mkewe, Erine. Erine husafiri naye, humshauri na kumsaidia vitani. Hata hivyo, kiti cha enzi kinachopiganiwa ni cha Enzo.

Mzazi anaweza kuipima gemu yoyote kwa maswali manne:

1. Je, mchezaji anaweza kumwongoza mhusika wa kike?
2. Je, mhusika huyo ana lengo lake mwenyewe?
3. Je, amevaa kama mtu anayekwenda vitani? Ikiwa wanaume wamevaa chuma mwili mzima naye ameachwa tumbo wazi, amevalishwa kwa ajili ya watazamaji.
4. Je, akiondolewa, hadithi itabadilika?

Jibu la "hapana" si sababu ya kupiga gemu marufuku. Ni mwanzo wa mazungumzo na mtoto, wa kiume kwa wa kike. Ikiwa jalada lina alama ya PEGI, angalia pia umri unaopendekezwa: 3, 7, 12, 16 au 18.

Vijana wanaosomea kompyuta hapa Kiambu hawana uhaba wa hadithi. Machi 1922, Harry Thuku, mzaliwa wa Kiambu, alipokamatwa, Muthoni Nyanjiru aliwahimiza waandamanaji jijini Nairobi wamkomboe, naye akauawa kwa risasi. Katika kisa hicho, mwanamke ndiye aliyekwenda kuokoa.

Likizo hii, keti na mwanao gemu moja iishe, kisha umwulize maswali hayo manne.