Kupunguza mwili: kidogo chenye kudumu

Ndugu Muislamu, wengi wetu hupungua mwili katika Ramadhani, na mwezi mmoja baada ya Idi kanzu inarudia kubana. Tulizuia mdomo kwa siku 30, sahani ikabaki ileile.

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ndogo. Basi tazama chai yako. Vijiko 4 vya sukari katika kikombe, vikombe 3 kwa siku: kwa mwezi ni karibu kilo moja na nusu! Punguza kijiko kimoja wiki hii, kingine mwezi ujao, ulimi utazoea. Bugali upungue, sombe iongezeke, lakini isiogelee katika mawese (mama zetu watusamehe). Msikitini uende kwa miguu, uache pikipiki: dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki, ndicho kipimo cha madaktari. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, presha na sukari ya damu huweza kushuka. Na wewe unayemeza dawa ya sukari, ongea kwanza na daktari, maana dawa nayo huenda ikahitaji kupunguzwa.